Fundi Hakati Kabla ya Kupima

Kitengela, upande wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, hakuna uzio. Pundamilia hutoka kufuata malisho, simba nao huwafuata pundamilia, na wakishafika nje hukuta ng'ombe, ambao ni mawindo mepesi zaidi. Katika jamii ya Wamaasai kulinda mifugo ni kazi ya watoto wa kiume, na Richard Turere alikabidhiwa ng'ombe wa baba yake tangu akiwa mdogo. Asubuhi moja aliamka akakuta fahali pekee wa familia ameuawa.

Wazo lake la kwanza lilikuwa moto. Akauwasha karibu na zizi, akaja kugundua kwamba anawamulikia simba, wanaona vizuri zaidi ng'ombe walipo. Wazo la pili lilikuwa kusimamisha sanamu la mtu, kama lile la kufukuzia ndege shambani. Siku ya kwanza simba walikuja, wakaliona, wakarudi walikotoka. Siku ya pili wakaliona palepale, halijasogea hata kidogo, wakaingia zizini. Majaribio mawili yakawa yamekwenda na maji.

Kisha kukaja usiku ambao alikuwa akizunguka zizi na tochi mkononi, na usiku huo simba hawakusogea. Hapo naomba tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha makala haya. Mtoto huyu hakulipata jibu kwa kukaa akiwaza kuhusu taa. Alilipata kwa kuwatazama simba. Aligundua kwamba mwanga uliotulia hauwatishi. Wanachokiogopa ni mwanga unaotembea, kwa sababu nyuma yake kuna binadamu. Akatafuta betri kuukuu ya gari, kidude cha indiketa ya pikipiki, swichi, balbu za tochi zilizokufa na paneli ndogo ya jua ya kuchajia. Akazifunga taa kuzunguka zizi zikielekea nje, zikawa zinawaka na kuzimika kwa zamu. Simba akitazama kutoka gizani alidhani mlinzi anazunguka usiku kucha, kumbe mlinzi mwenyewe, mwenye umri wa miaka 11, amelala. Bibi mmoja jirani, ambaye mifugo yake mingi ilikuwa imeliwa, akaomba na yeye awekewe. Zikafuata nyumba nyingine, mpaka zikatimia saba. Mwaka 2013, akiwa na miaka 13, Richard alisimama mbele ya hadhira huko California akaeleza hatua kwa hatua alivyofanya, pamoja na moto na sanamu, bila kuficha kilichoshindikana.

Mambo ya umeme alijifunza mwenyewe kwa kufungua vifaa vya nyumbani, ikiwemo redio mpya ya mama yake. Mama alikasirika mno, na ninamwelewa.

Njia aliyoipita mtoto huyo ina jina huko vyuoni: fikra za usanifu. Neno usanifu kwetu huwapeleka watu moja kwa moja kwenye majengo. Mimi namwona msanifu wa karibu zaidi, fundi cherehani wa mtaani. Ukimpelekea kitambaa hakimbilii mkasi. Anakusimamisha, anazungusha futi kifuani na kiunoni, anaandika namba kwenye daftari lake. Anakuuliza nguo ni ya harusi au ya kazini, na kama ya kazini, je, unakaa kwenye kiti au unapanda pikipiki? Akishakata anapiga bandi kwanza, anakuita uje ujaribu, anabana hapa, anaachia pale, ndipo anapopitisha mshono wa kudumu. Bandi ile ni nyuzi za kufumuliwa, na hakuna mteja anayemcheka fundi kwa kuzifumua.

Sare ya shule hainunuliwi hivyo. Mzazi huchukua iliyotundikwa dukani, imemzidi mtoto mabega na urefu, kwa hesabu kwamba atakua ataijaza. Masomo yetu mengi yamekatwa kama sare hiyo. Yalishonwa mbali, kwa kipimo cha mtoto ambaye hakuwepo, na anayevuta miguu ndani yake tunamwambia avumilie.

Katika maandishi kuhusu fikra za usanifu, wengi huanzia kwa Herbert Simon, msomi wa Marekani ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 alieleza kwamba kila anayepanga namna ya kuitoa hali iliyopo na kuifikisha kwenye hali bora zaidi anafanya usanifu, awe daktari, mhandisi au mtawala. Miongo kadhaa baadaye David Kelley, mwanzilishi wa kampuni ya usanifu ya IDEO, alishirikiana na wenzake kuanzisha kituo cha kufundishia njia hiyo katika Chuo Kikuu cha Stanford, nacho kikapewa jina la tajiri wa Kijerumani Hasso Plattner, aliyekifadhili kwa dola milioni 35 mwaka 2005. Kutoka hapo zilienea zile hatua tano ambazo leo zimejaa kwenye semina za walimu: kumwelewa mwenye tatizo, kulitaja tatizo lenyewe, kuzalisha mawazo mengi, kutengeneza sampuli ya haraka, na kuijaribu. Mwaka 2011 IDEO na shule ya Riverdale ya New York walitoa mwongozo wa walimu unaopatikana bila malipo. Sina ugomvi na orodha hiyo, ila inaniuma nikiona inakaririshwa. Mwanafunzi anayeweza kuzitaja hatua zote tano kwa mpangilio, na ambaye hajawahi kumuuliza mpishi wa shule kwa nini uji unachelewa, hajajifunza kitu.

Walioielewa njia hii mapema kuliko wengi ni watoto wa Ahmedabad, mji wa jimbo la Gujarat, India. Huko Kiran Bir Sethi, ambaye taaluma yake ni usanifu wa michoro, alianzisha shule ya Riverside mwaka 2001. Darasa la tano lilipofika kwenye somo la haki za mtoto, walimu hawakuanza na vitabu. Watoto waliketishwa sakafuni wakaviringisha vijiti vya udi kwa muda wa saa nane, kama wanavyofanya watoto wengi wanaotumikishwa nchini humo. Haikuhitaji saa zote nane. Baada ya saa mbili hivi migongo ilikuwa inauma na nyuso zimebadilika. Walipotoka kwenda mjini kuwaeleza watu ubaya wa kazi hiyo, walikuwa wanazungumzia kitu ambacho viungo vyao vimekwisha kukijua. Mwaka 2009 Sethi akaifanya njia hiyo kuwa mradi wa shule nyingi, kwa maneno manne yasiyohitaji semina: hisi, waza, tenda, simulia. Kutoka India ukasambaa hadi nchi nyingine nyingi.

Nimelipenda neno lile la kwanza kwa sababu ndilo linaloachwa. Kila mtu anapenda kuwaza, na kutenda kuna picha za kupiga siku ya uzinduzi. Kuhisi hakuna picha. Ni kukaa kwenye joto la darasa la bati saa nane mchana na kutazama ni nani anayesinzia na kwa nini.

Barani kwetu tumelipa gharama kubwa ya kuiruka hatua hiyo. Wakumbuke wale waliokuja na bembea la kuzunguka lililounganishwa na pampu ya maji. Wazo lilitoka Afrika Kusini: watoto wacheze uwanjani mwa shule, mzunguko wao uvute maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi la juu, na ubavuni mwa tangi pawekwe matangazo ya kulipia matengenezo. Ni wazo la kupendeza, na mtu aliyeliona kwenye picha aliguswa papo hapo. Mwaka 2006 mke wa Rais wa Marekani, Laura Bush, alitangaza mchango wa dola milioni 16.4, na lengo likawa kufunga pampu 4,000 ifikapo mwaka 2010.

Lakini watoto hawachezi kwa ratiba ya ndoo. Asubuhi na mapema, wakati maji yanahitajika, watoto bado wako njiani kwenda shule, na wakati wa likizo hawapo kabisa. Aliyebaki kulisukuma bembea ni mama, mara nyingi mjamzito au mwenye mtoto mgongoni, na bibi kizee aliyeinama, mbele ya macho ya watu, ilhali pampu ya mkono aliyoizoea imeshang'olewa. Ikiharibika, fundi hayupo kijijini. Gazeti la The Guardian la Uingereza lilichapisha hesabu kwamba ili pampu moja itoshe watu 2,500 waliolengwa, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kwa siku. Kufikia mwaka 2010 mpango ule mkubwa ulikuwa umeachwa njiani. Chuma kilikuwa imara na mchoro ulikuwa mzuri. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza yule mama, kabla mkasi haujagusa kitambaa, huwa anachota maji saa ngapi.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na huo ndio unaonigusa zaidi nikiwa Mtanzania. Hata mtoto akitazama vizuri, je, darasa liko tayari kupokea alichokiona?

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Yeye na wenzake walikuwa na kawaida ya kutengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyasubiri yapoe, kisha kuyaingiza kwenye friji. Nafasi za friji zilikuwa chache. Siku moja, kwa kuogopa kukosa nafasi, Mpemba aliyaingiza yangali moto, sambamba na mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Waliporudi baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Hakuacha. Aliwauliza wauza aiskrimu wa Tanga mjini, akakuta wao hutumia mchanganyiko wa moto ili ugande haraka, na wala hawaoni ajabu. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akauliza tena, na safari hii jibu la mwalimu likawa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu. Tangu siku hiyo kila alipokosea swali darasani, wenzake walimtajia kosa hilo kwa jina lake. Alifanya jaribio kwa maji katika maabara ya shule, akaona alichokiona mwanzo. Siku Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipoitembelea shule, Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza swali lake. Wanafunzi wakacheka. Osborne hakucheka. Aliahidi kujaribu, akarudi chuoni, akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, ila akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao pamoja katika jarida la elimu ya fizikia la Uingereza, na leo athari ya Mpemba inajadiliwa katika maabara za dunia nzima, wengine wakiiunga mkono, wengine wakiitilia shaka. Mabishano hayo tuwaachie wanafizikia. Mimi nawafikiria wale waliocheka, na yule fundi wa maabara. Walikuwa watu waliosoma vizuri. Shule ilikuwa imewafundisha kwamba jibu sahihi lilikwisha kuandikwa mahali fulani, na kwamba kazi ya jaribio ni kulifikia. Richard angelelewa katika hali hiyo, moto wake ungepata sifuri, sanamu lingepata sifuri, na tochi isingekuja.

Tumefanya nini tangu miaka hiyo? Haki isemwe, mawazo hatukuyakosa. Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na mengi yanayouzwa leo kama mageni yamo humo. Aliitaka kila shule iwe na shamba au karakana yake, na alisisitiza kwamba wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, waone matokeo ya maamuzi yao, wajifunze kutokana na walichokosea. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe. Wanafunzi walilima, mipango ikapangwa ofisini, mavuno yakahesabiwa na wengine, na shamba likageuka mahali pa kupelekwa mchelewaji. Sehemu ya kufikiri ilikatwa, ya jasho ikaachwa. Kizazi kizima kikaondoka shuleni kikiamini kwamba elimu ya kujitegemea maana yake ni adhabu.

Naogopa tusije tukalirudia kosa hilo. Kenya ilianza kutekeleza mtaala wa umilisi mwaka 2019, na miongoni mwa umilisi unaolengwa zimo fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo, pamoja na ubunifu. Tanzania nayo imeanza kutumia mitaala mipya tangu Januari 2024, yenye msisitizo wa ujuzi na wa elimu ya amali. Karatasi zote mbili nazisoma kwa matumaini. Lakini wazazi wa Kenya wamelalamika, tena kwa haki, juu ya mradi unaoletwa nyumbani saa moja usiku na kutakiwa asubuhi. Mama anatoka kazini, anatafuta katoni na gundi, baba anachora, mtoto amelala kitini. Asubuhi mwalimu anapokea kibanda safi cha maboksi na kukipa alama. Tatizo lilikuwa la nani? Nani aliulizwa? Wapi kilipobomoka kikajengwa upya? Mikono ya watu wazima imefanya kazi ya mikono, na kichwa cha mtoto kimepumzika.

Mtu ataniambia kwamba nazungumza kana kwamba sijui darasa la watoto 90, kitabu kimoja kwa dawati zima, na mtihani wa taifa unaosubiri mbele. Nalijua darasa hilo. Nimesimama mbele yake. Ndiyo maana siombi karakana wala kompyuta. Naomba tuangalie kitu ambacho kila mwalimu wa Tanzania anacho tayari, andalio la somo. Mwishoni mwa karatasi hiyo kuna nafasi za tathmini na maoni. Aliyeibuni alielewa bandi ni nini: fundisha, tazama palipobana, rekebisha kesho. Na yeyote aliyewahi kufundisha anajua zinavyojazwa. Zinajazwa jana yake usiku, pamoja na mengine yote, ili mthibiti ubora akija akute karatasi imekamilika. Somo limeeleweka vizuri, linaandikwa, kabla halijafundishwa. Wanafunzi wengi wameshiriki, nao bado wako vitandani.

Simlaumu mwalimu. Anafanya kile kinachokaguliwa. Mthibiti ubora anayeingia darasani angeweza kuuliza swali moja tofauti: nionyeshe somo lililokwama wiki hii, na ulibadilisha nini. Mwalimu mwenye jibu la swali hilo ana thamani kuliko mwenye mafaili yasiyo na doa. Na mkuu wa shule angeweza kumhakikishia kwamba kukwama kulikoandikwa hakutageuzwa kuwa kosa la kinidhamu. Mabadiliko haya hayahitaji bajeti. Yanahitaji wakubwa wakubali kuona nyuzi za bandi.

Kwa mfano, tuseme shule ina vibuyu chirizi nje ya vyoo, madumu yaliyotundikwa kwenye mti, na kijiti cha kukanyagia kilichofungwa kwa kamba ili maji yatiririke bila kugusa dumu. Watoto hawanawi. Njia ya kawaida ni mwalimu wa zamu kuhutubia mstarini na kutishia kiboko. Njia ninayoisema inawatuma wanafunzi sita wa darasa la tano, wawili wawili, wakae karibu na vyoo kila mapumziko kwa siku mbili, wahesabu, wasimzuie mtu, waandike. Wanarudi na mambo ambayo mwalimu hakuyajua. Dumu huwa tupu kufikia saa nne. Sabuni imefungwa ofisini. Wavulana hunawa wakiona kuna foleni, hawanawi wakiwa peke yao. Na wa darasa la kwanza wanakanyaga kijiti kwa nguvu zao zote, dumu haliinami.

Hesabu ya mapumziko hayo ni somo la takwimu. Kuinama kwa dumu ni somo la nyenzo, na barua ya kumwomba mwalimu mkuu sabuni ni Kiswahili. Wanajaribu dumu dogo zaidi, likiisha haraka mno wanalirudisha kubwa. Wanasogeza tundu, maji yanaruka hadi kwenye viatu. Wiki ya pili wanamleta mtoto wa darasa la kwanza, wanamsimamisha pale, wanamwambia akanyage, nao wanachuchumaa kutazama mguu wake.

Jioni mwalimu anafungua andalio lake. Nafasi ya maoni, safari hii, ilikuwa bado wazi. Anaandika: Kijiti kiko juu mno kwa wadogo. Kesho kamba irefushwe, kijiti kikaribie ardhi, ajaribu mtoto yuleyule.